Shida ni Masikio: Historia ya Jairus Odongo Otiende, Kocha wa Kaplelgoi

Mchungaji, wazee wa laini zetu za nyumba, wafanyakazi wa kiwanda na wa shamba, na watu wetu wa Nyakach mliofika asubuhi hii na matope ya safari kwa viatu, mimi naitwa Monicah Apiyo, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha ya ndugu yangu kabla gari halijamchukua kumpeleka nyumbani. Kamati ilitaka nisomee pale kwenye hema, mimi nikaomba kusomea hapa uwanjani, kwenye alama ya penalti, na sababu mtaijua kabla sijamaliza. Kuna jambo la mwaka wa 1994 ambalo kamati iliniambia niliruke nisije nikaharibu siku, sitaliruka, kwa maana ndilo lililofanya marehemu aitwe muuza mechi katika mashamba ya chai yote kuanzia hapa mpaka Litein, na yeye hakuuza kitu. Nimechoka, na nyinyi mmechoka, lakini nimesimama kwenye mistari ya chai zaidi ya miaka ishirini na kikapu mgongoni, nitasimama na hii nusu saa.

Marehemu Jairus Odongo Otiende alizaliwa Nyakach tarehe 14 Aprili 1935, mtoto wa marehemu mzee Otiende na marehemu mama Dorina, siku moja na mimi, maana tulikuwa mapacha, mimi nikatangulia ndiyo nikaitwa Apiyo, yeye akafuata ndiyo akaitwa Odongo. Mama alisema mimi nilitoka nikipiga kelele na yeye alitoka amenyamaza mpaka mkunga akadhani amekufa, akampiga makofi mawili, akafungua macho akamtazama mkunga na akanyamaza tena, na ukiniuliza mimi, hapo historia yote ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Alianza shule ya misheni mwaka wa 1944, akafika darasa la sita mwaka wa 1949, mimi niliachia la nne kwa sababu ya kuchota maji ya watu wengine, na pale shuleni hakujulikana kwa hesabu wala kwa kuimba, alijulikana kwa kitu kimoja, kwamba watoto wangeweza kumchokoza kutoka kengele ya asubuhi hadi ya jioni na asigeuze shingo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwajibu kwa niaba yake.

Tarehe 2 Februari 1953 aliandikwa kazi hapa Kaplelgoi kama mchumaji, akiwa na miaka kumi na saba, akachuma miaka minane, majani mawili na chipukizi, mvua ikinyesha kila alasiri kama inavyonyesha mpaka leo, halafu mwaka wa 1961 akahamishiwa kiwandani, chumba cha kuchambua chai, akakaa humo mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 1995. Watu wa chumba kile wanajua, vumbi la chai linaingia puani, linaingia kwa kola ya shati, mke wake alikuwa akifua shati moja mara tatu na maji bado yanatoka kahawia.

Alifunga ndoa na Sabina Bonareri, binti wa mzee Mosoti, tarehe 19 Desemba 1959, na Mungu akawapa watoto watatu, Joan ambaye ni mwalimu kule Litein, Tobias aliyetangulia mwaka wa 1971 kwa surua, na Nelvine ambaye ameolewa Kericho mjini. Sabina yuko pale mbele, amekaa, na ninamshukuru kwa kumvumilia mtu ambaye ungempikia chakula kibaya kwa makusudi na asiseme neno, maana alinieleza mwenyewe kwamba alijaribu.

Sasa nije kwa mpira, ambao ndio uliowaleta wengi wenu hapa. Alichaguliwa kuwa kocha wa timu ya Kaplelgoi mwaka wa 1971, na miaka miwili ya kwanza hakufanya la ajabu, alikuwa akikimbiza watu tu kama makocha wengine. Mwaka wa 1973 timu ilicheza Litein, ikawa inaongoza mabao mawili, halafu mtu mmoja nyuma ya goli akamwambia kipa wetu kwamba ameonekana akinyonya kidole gesti, kipa akageuka kumjibu, na alipokuwa bado anajibu mpira ukapita. Tukafungwa matatu kwa mawili. Wachezaji walirudi wakisema ni viatu, wengine wakasema ni mganga wa Litein, Jairus akakaa siku nzima akifikiri, halafu akaniambia miguu ya watu wa Kaplelgoi haina shida, shida ni masikio.

Kutoka siku hiyo akaanza mambo ambayo watu walimcheka kwayo. Kabla ya mazoezi aliwapeleka wachezaji kwenye kipande kile cha chai kilicho nyuma ya goli la juu, wakachuma saa nzima bila kusema, kisha yeye akapindua kila kikapu na kukagua jani moja moja, na aliyeleta jani gumu alirudishwa kuchuma tena wenzake wakicheza, kwa maana alisema jicho ambalo linaruka jani litaruka na mpira. Hakuruhusu mchezaji yeyote kuzungumza na refa isipokuwa kapteni, na kapteni mwenyewe aliruhusiwa maneno matatu, ndiyo refa, asante. Mganga hakumtaka hata kumwona, na mwaka wa 1981 wachezaji walipochimbua yai lililozikwa karibu na mlingoti na kukimbia wote, alilichukua, akalinusa, akalitupa kwenye majani, akasema mganga akija tena aambiwe alete yai zuri, watu hapa wana njaa.

Na kila Jumanne, saa kumi, majani yakishapimwa, akaleta wanawake wachumaji wasimame nyuma ya goli wawatukane wachezaji wanapopiga penalti. Kiongozi wa hao wanawake nilikuwa mimi, kuanzia mwaka wa 1974, sikuchaguliwa kwa kura. Kazi yangu ilikuwa kumfanya mchezaji ageuke, na kazi ya mchezaji ilikuwa kutogeuka, na sheria ilikuwa moja, imebandikwa kwenye mlango wa stoo ya mipira, anayejibu anakaa nje mechi tatu, bila kuuliza aliambiwa nini. Kipkemboi aliyekuwa kipa yuko hapa, nilikuwa nikimwambia mikono hiyo unapangusia pua, mpira utaushika na nini. Mwingine nilimwambia mama yake alimzaa siku ya kuchagua maharagwe, yeye ndiye aliyebaki kwa ungo. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini, lakini wachezaji walijifunza, wakawa wanatazama mpira kama mtu anayetazama maziwa yasichemke yakamwagika, na kati ya mwaka wa 1976 na 1993 Kaplelgoi ikachukua kombe la mashamba mara sita, na hakuna mchezaji wetu hata mmoja aliyepewa kadi nyekundu kwa mdomo.

Mchezaji ambaye sikuwahi kumgeuza alikuwa Kiplimo Chepyegon, kijana Mkipsigis wa Bomet, aliyekuja kiwandani mwaka wa 1988 na akawa kapteni mwaka wa 1990. Nilimwambia miguu yake ni ya mbuzi wa kuazima, nilimwambia afunge macho apige, labda atabahatisha hata mlingoti, akapiga, ukaingia, akaja kuchukua mpira karibu yangu na kuniambia asante Kogo, kama mjukuu anavyomwambia nyanya yake. Penalti kumi na tisa alipiga katika mechi za kweli, zote kumi na tisa zikaingia.

Mwaka wa 1992, mwezi wa Machi, mliokuwepo mnakumbuka, watu wakaanza kufukuzana kwa ukabila na moshi ukaonekana upande wa Soin, na kwa laini zetu majirani wakaanza kutazamana. Timu ilikuwa na Wakipsigis, ilikuwa na Wajaluo, ilikuwa na Wakisii wawili. Jairus akaenda kwa meneja akaomba wachezaji wote kumi na sita wakae darini, juu kiwandani, pale majani yanapoanikwa yanyauke, na wakakaa huko siku nane, wakilala juu ya magunia. Asubuhi walikaa kimya saa nzima, na hakuna aliyeruhusiwa kusema habari za nje kabla saa hiyo haijaisha, alasiri wakakaa mviringo, macho yamefungwa, wakapeana mpira kwa mikono, na kabla ya kuuachilia ulitaja jina la mtu unayempa. Siku nane walitajana majina. Mimi na mama yake Kipkemboi ndio tuliowapelekea ugali, tukipanda ngazi ile na sufuria.

Siku ya nne nikafika darini nikakuta Jairus amesimama, akaniambia nyumba yangu ya Soin imechomwa. Nilikuwa nimeijenga kidogo kidogo miaka kumi na mmoja, niwe na mahali pa kukaa nikiacha kuchuma. Sikujua ni nani aliyeichoma na hata leo sijui. Niliweka sufuria chini, na aliyeinuka haraka kabla ya wengine, akanipa gunia lake nikakaa, alikuwa Kiplimo. Ninaomba mlishike hilo gunia, nitalirudia.

Watu wakatulia, kazi ikaendelea, mimi nikawa ninachuma mchana na kuhesabu kichwani mabati yaliyoungua. Sikumwambia mtu. Jumanne tarehe 28 Juni 1994 ilikuwa mazoezi ya mwisho ya penalti kabla ya robo fainali, Kiplimo akaweka mpira hapa, hapa hapa nilipokanyaga, na mimi nilikuwa nyuma ya goli lile, na nikasema maneno haya, ninayasoma kama nilivyoyasema, kwamba Kiplimo, leo mguu wako unatetemeka, siku ya kuchoma nyumba yangu haukutetemeka.

Yeye akaacha mpira, akageuka, akaniuliza, Kogo, siku hiyo nilikuwa wapi, sema. Nilijua alikuwa wapi. Alikuwa darini, na nilikuwa nimekalia gunia lake. Sikusema.

Alikuwa amejibu, na sheria ilikuwa mlangoni. Jairus akamwambia mechi tatu, robo fainali, nusu fainali na fainali, na Kiplimo akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mpira, akaenda. Mchezaji mmoja akasema kocha, lakini umesikia alichoambiwa, Jairus akasema nimesikia, na sheria haina sikio.

Asubuhi iliyofuata alinikuta kwenye mfereji wa maji, akasema, Apiyo, ulijua alikuwa wapi. Nikamwambia kazi uliyonipa ni ya kutukana. Akasema, nilikupa kazi ya kupima masikio yake, wewe ukaingia moyoni na viatu, nenda useme mbele ya timu kwamba ulijua. Nikamwambia sipigii mtoto magoti, akitaka mtu wa kupiga magoti amtafute kanisani. Akachota maji yake yakajaa, halafu akasema sheria ile aliiandika vibaya, hakuandika adhabu ya anayetukana, kwa hivyo kosa ni la mwandishi, na mwandishi naye atakaa nje mechi tatu.

Ndiyo sababu, ndugu zangu, mechi ya fainali ya Jumamosi tarehe 23 Julai 1994 pale Kericho, Kaplelgoi ilicheza bila kapteni na bila kocha. Hakuwa mgonjwa, hakuwa amekunywa, hakuwa amepewa kitu na Cheborwet tuliocheza nao. Alikuwa nje ya uwanja, amesimama upande wa pili wa ua, mimi nilimwona, ameshika seng'enge kwa mikono miwili. Mechi ikaenda mpaka penalti, ya tano ilikuwa ya Kiplimo, akapiga mwingine, ukapita juu, tukashindwa nne kwa tatu. Kabla lori halijafika Kaplelgoi walikuwa wameshaamua kwamba Otiende ameuza mechi, mwingine akasema alimwona na viatu vipya. Viatu hivyo ndivyo tulivyomvisha jana, mtakaopita kutoa heshima mtazame soli, vilikuwa vya zamani hata siku ile.

Tarehe 9 Agosti 1994 kamati ya michezo ikamwondoa. Aliitwa, akaulizwa kwa nini hakuwa kwenye benchi, akasema ilikuwa zamu yake kukaa nje, wakacheka, wakampa barua. Kiplimo hakusubiri hata fainali, aliacha kazi ya kiwanda mwezi huo wa Julai, akaenda Mulot kubeba mahindi na ngano kwenye malori. Wengine wakaunganisha mambo, wakasema yeye ndiye aliyekuwa wakala wa kuuza, na hata mama yake aliulizwa sokoni.

Mimi nilimwambia Jairus, waambie ni mimi, nitakataa lakini wewe sema. Akasema, nikisema nitakuwa nimejibu. Miaka ishirini na mmoja aliwafundisha watu kutojibu, akaona aibu kuwa wa kwanza kuvunja. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza, lakini kimya chake na kimya changu havikuwa vya aina moja, na kila mmoja wetu alijua chake.

Alipostaafu, kampuni ilimruhusu abaki kwenye nyumba yake ya laini na kumpa kazi ya kutunza uwanja huu. Akakata nyasi, akachora mistari ya chokaa kila Ijumaa, alama hii ninayokanyaga aliichora yeye mara nyingi kuliko mtu yeyote, na vijana wakipita wakimwita muuzaji, akaendelea kuchora, mstari haukupinda. Kwangu alikuja kila siku kuomba kiberiti au kuleta maziwa, na kabla hajaondoka aliuliza neno moja, umeenda, yaani kwa Kiplimo kule Mulot, na mimi nilisema bado.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Novemba 1997, mvua ile kubwa ilipokuwa imeanza, kwanza kikohozi, kisha nguo zikawa kubwa kwake, akatibiwa zahanati ya shamba, na tarehe 12 Januari 1998 akalazwa hospitali kubwa ya Kericho ambako tuliambiwa mapafu yamechoka. Hilo neno walilitumia madaktari, mapafu yamechoka, na mimi nikaona ni neno la haki. Nilipokwenda kumwona aliniuliza, umeenda Mulot, nikasema barabara imekatwa na mafuriko, na ilikuwa kweli. Mara ya pili nikasema hivyo, bado ilikuwa kweli. Mara ya tatu barabara ilikuwa imetengenezwa, nikasema hivyo hivyo, akanitazama kama alivyomtazama mkunga.

Alitutoka Alhamisi tarehe 26 Februari 1998, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili, Sabina akimshika mguu.

Jumatatu tarehe 2 Machi nilikwenda Mulot. Nilimkuta Kiplimo akipakia mahindi, amenenepa mabega, nikamweleza mambo yote nikiwa nimesimama juani, yeye mkono juu ya gunia. Nilipomaliza akasema, Kogo, umechelewa. Nikasema najua. Akasema mimi sina haja ya kuambiwa nilikuwa wapi, mimi nilikuwepo, waambie wao, pale aliposema useme. Halafu akauliza mwili unaondoka saa ngapi, akarudi kwa gunia lake.

Basi nimewaambia. Kiplimo Chepyegon hakuchoma nyumba ya mtu, na nilijua. Jairus Otiende hakuuza mechi, na nilijua. Fainali ya mwaka wa 1994 ilipotezwa na mimi, nikiwa nyuma ya goli lile, siku ishirini na tano kabla haijachezwa. Kiplimo yuko hapa, ni yule aliyeshika jeneza mbele kulia, hajaniambia kwamba yamekwisha na sijamwomba aseme.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa zahanati na wa hospitali ya Kericho waliomhudumia bila kuchoka wakati sisi tulikuwa tumechoka, inawashukuru majirani wa laini ya tatu waliobeba maji na kuni siku tisa hizi, wafanyakazi wa chumba cha kuchambua chai, meneja aliyetoa gari, mchungaji na kwaya, walimu wenzake Joan kutoka Litein, na wachezaji wa zamani waliokata nyasi za uwanja jana, ingawa mistari mmeichora imepinda, na angekuwepo mngerudia.

Gari likishaondoka mimi nitabaki hapa kwenye alama kidogo. Mwenye neno la kuniambia aende asimame nyuma ya goli aniambie, la nyumba, la fainali, la mama yake Kiplimo sokoni, lolote, nitatazama mbele na sitajibu, na vijana wa timu ya sasa watazame, wajue inavyofanywa.

Odongo, ulinifuata kuja na umenitangulia kurudi, nimeenda Mulot, barabara ni nzuri. Lala sasa upumzike, nyuma ya goli kumenyamaza.